Amelala, Lakini Yumo Chomboni

Somo: Marko 4:35-41



Somo hili wengi wenu mnalijua tangu Shule ya Jumapili, na pengine mlilichora kwa kalamu za rangi: mashua, mawimbi, na Bwana amesimama amenyosha mkono. Naomba mwezi huu tulisome tena kama watu wazima, maana hofu ya mtu mzima si hofu ya mtoto. Mtoto huogopa giza. Mtu mzima huogopa majibu ya daktari, huogopa barua inayotoka kwa mwajiri wake, huogopa simu inayolia saa nane za usiku wakati kijana wake yuko safarini.

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kufundishwa tufani ni nini. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni, siku zisizo na mbalamwezi, wakiwa na taa zao, na ukisimama juu ya kilima waliona ziwa limewaka kama mji. Lakini usiku ndio wakati wa hatari. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo hushuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana huko na kupanda juu, na hapo mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa letu huja kati ya usiku wa manane na asubuhi. (Mtaniwia radhi, aliyefundisha Jiografia miaka mingi haachi.)

Ziwa la Galilaya ni dogo sana likilinganishwa na letu. Urefu wake ni kama kilomita 21, na upana wake kama 13. Lakini liko chini, yapata mita 210 chini ya usawa wa bahari, na milima imelizunguka. Upepo ukishuka katika mabonde ya milima ile, maji huchafuka kwa muda mfupi. Mwaka 1986, wakati wa ukame, maji yalipopungua, ilionekana katika matope ya ufuko wake mashua ya kale, ambayo wataalamu wanasema ni ya karibu na nyakati za Bwana Yesu. Urefu wake ni kama mita 8, na upana mita 2 na kidogo. Hakuna ajuaye ilikuwa ya nani, na watu wapendao kusema ndiyo ile iliyombeba Bwana tusiwafuate. Hata hivyo yatusaidia kukisia ukubwa wa chombo. Ikiwa wale Kumi na Wawili walikuwamo wote, basi ni watu kumi na watatu katika chombo cha namna hiyo. Hapana chumba wala mahali pa kujificha. Maji yakiingia humlowesha kila mtu, na yule aliyelala shetrini pia. Kwa vijana wasiolijua neno hili, shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, hapo anapokaa mshika usukani.

Sasa tazama ni nani aliyetoa shauri la kuvuka. Ni Bwana mwenyewe. Wanafunzi hawakuingia katika tufani kwa kuasi. Waliingia kwa kutii. Jambo hili nataka tulishike, kwa sababu liko somo lingine la tufani katika Biblia, nalo ndilo tunalolikimbilia upesi zaidi. Ni lile la Yona. Yona naye alilala chomboni, naye aliamshwa na watu wenye hofu. Lakini Yona alikuwa akikimbia, na tufani ile ilikuja kwa ajili yake. Basi mwenzetu akipatwa na msiba, sisi hufungua kitabu cha Yona tu. Twaanza kupiga kura: ni nani aliyekosa? Kama si yeye, basi ni mkewe. Kama si mkewe, basi ni jirani aliyemtupia jicho baya. Siku hizi wako hata wahubiri wanaomwambia mgonjwa kwamba haponi kwa sababu imani yake ni ndogo, kisha wanamwuzia chupa ya maji. Ndugu zangu, si kila tufani ni ya Yona. Yawezekana kabisa uko katikati ya mawimbi kwa sababu ulifanya alilokuambia Bwana: ulikataa kutia sahihi hesabu za uongo, au ulimlea mtoto wa marehemu ndugu yako na sasa huna ada ya shule. Chombo kinapotikisika, hilo peke yake si ushahidi kwamba ulipanda chombo kisicho chako.

Marko anatuambia jambo dogo ambalo Mathayo na Luka hawalitaji: Bwana alilala akiwa na mto wa kulalia kichwa. Mchana kutwa alikuwa amekaa katika mashua akifundisha makutano waliosimama pwani. Alichoka. Kila mwalimu aliyewahi kufundisha darasa lililojaa tangu asubuhi hadi jioni anakujua kuchoka huko. Hapa twaona kwamba Mwokozi wetu ni mtu kweli, wala hakujifanya mtu.

Lakini kulala kwake ndiko kulikowatisha wanafunzi kuliko hata upepo. Wengine wao walikuwa wavuvi, upepo waliujua. Wasiloweza kulivumilia ni kwamba yeye yumo humo humo, maji yanaingia, naye hasemi neno. Mtu akiwa mbali asijibu, twaweza kumsamehe. Akiwa karibu asijibu, moyo huumia. Nadhani Wakristo wengi hofu yao iko hapo. Hatuna shaka kwamba Mungu yuko. Tunachouliza ni kwa nini amenyamaza.

Waisraeli nao waliuliza. Katika Zaburi ya 44, mstari wa 23, wanamwita Mungu aamke, wanamwuliza kwa nini amelala usingizi. Na katika Zaburi ya 121, mstari wa 4, twaambiwa kwamba Mlinzi wa Israeli halali kamwe. Zaburi hizi mbili zimo katika kitabu kimoja, na Kanisa letu linaziimba zote mbili. Hakuna aliyeona inafaa kuifuta ile ya kwanza kwa sababu haina adabu. Yaani Mungu mwenyewe ameruhusu watu wake wamwambie kwamba wanamwona kama aliyelala, hata ikiwa halali.

Basi wanafunzi wakamwamsha, na maneno yao yalikuwa makali. Kwa ufupi walimwuliza kama hajali wakifa. Walimwita Mwalimu, lakini hilo halikupunguza ukali. Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu nyumba yangu ilikuwa karibu na mabweni. Mchana wanafunzi walisimama wima, wakaamkia kwa heshima, na sentensi zao zilikuwa zimepangwa vizuri. Usiku mwenzao akishikwa na homa kali, wao hao hao waligonga mlango kwa ngumi: “Mwalimu! Amka! Mwenzetu anakufa!” Sikumbuki hata mara moja kumwambia mmoja wao arudi bwenini kwanza, aje tena kwa adabu. Kwa nini waligonga kwangu, na nyumba za jirani ziko? Kwa sababu walijua kwamba humu ndani yumo mtu anayehusika nao. Kugonga kwao kulikuwa ni kuniamini, ingawa wao hawakukuita hivyo.

Ndivyo ilivyo katika chombo kile. Swali la wanafunzi ni swali la watu wenye hofu, lakini angalieni walimpelekea nani. Hawakukaa mbele ya chombo wakinong'onezana kwamba Mwalimu hajali. Walimwendea yeye mwenyewe, wakamwambia usoni. Manung'uniko yanayozunguka kijiji kizima yasimfikie Bwana huharibu roho. Manung'uniko yale yale yakipelekwa kwake, huwa sala.

Naye aliamka. Katika habari ya Marko, na ya Luka pia, alitenda kwanza ndipo akawauliza juu ya imani yao. Mathayo anapanga kinyume. Mimi napenda mpango wa Marko. Upepo ulipokwisha kutulia, nguo zikiwa bado zinachuruzika maji, ndipo somo lilipoanza. Hakuwaacha wazame ili wajifunze. Na baada ya kutulia, Marko anasema wanafunzi waliingiwa na hofu kubwa zaidi, wakiulizana huyu ni nani. Hofu haikuondoka, ilihama. Mwanzo walimwogopa aliyekuwa nje ya chombo, yaani upepo. Sasa walimcha aliyemo ndani.

Kama habari ingeishia hapo ningeweza kuweka kalamu chini. Lakini nawaandikia watu wa Kanda ya Ziwa, nao watanisoma kwa macho yao wenyewe. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Ukara, kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walikufa. Na wavuvi wanaopotea mmoja mmoja usiku hawaandikwi hata gazetini. Je, hawakuomba? Waliomba. Waislamu waliomba, Wakristo waliomba.

Mama mmoja aliyempoteza mumewe ziwani aliniuliza swali hilo baada ya ibada, tukiwa tumebaki wawili tu benchini. “Mwalimu, yule alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kwake yeye, mbona Bwana hakuamka?” Swali la namna hiyo halijibiwi mtu akiwa amesimama mlangoni. Tuliketi. Mwishowe nilimsomea Marko 14, kuanzia mstari wa 32, habari za bustani ya Gethsemane.

Nanyi isomeni kando ya somo letu la tufani. Ni kama kitambaa kilichogeuzwa. Ziwani, wanafunzi wako macho kwa hofu, na Bwana amelala. Bustanini, Bwana yuko macho kwa hofu, na wanafunzi wamelala. Ziwani wao walimwamsha naye akaamka mara moja. Bustanini yeye aliwaamsha mara tatu, nao hawakuweza kukesha. Marko hafichi kwamba Bwana alifadhaika na kuhuzunika sana. Aliomba kikombe kile kimwondokee, na hakikuondoka. Alipokuwa msalabani alilia kwa sauti akimwuliza Mungu wake kwa nini amemwacha. Hilo ndilo swali la chomboni, sasa likitoka kinywani mwa yule aliyeulizwa.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kumbe naye aliomba akanyimwa.” Akaniomba nimsomee tena.

Mimi sijui njia nyingine ya kusema juu ya ulinzi wa Kristo kwa watu waliofiwa. Tukisema ulinzi wake ni kwamba chombo cha Mkristo hakizami, tutasema uongo, na wajane wanajua kuwa ni uongo. Lakini ziko tufani alizozituliza, na iko tufani moja aliyoingia mwenyewe bila kuitulizia, akazama mpaka chini, mpaka kaburini. Siku ya tatu Baba alimfufua. Kwa hiyo hata chini kabisa ya maji hapako mahali ambapo hajafika. Jamaa nyingine za ziwa letu hazikupata hata mwili wa kuzika, na hilo ni jeraha lisilofunga. Kwao ningependa kuonyesha Ufunuo 20, mstari wa 13, ambapo Yohana anaona bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake. Yaani hata wale waliopotea pasipo kaburi, liko agizo juu yao, na maji yatalitii agizo hilo kama yalivyotii usiku ule wa Galilaya.

Askofu James Hannington anakumbukwa katika Kanisa letu tarehe 29 Oktoba. Mwaka 1882 alikuja upande wetu huu wa kusini mwa ziwa akitokea Unguja, akaugua vibaya, akalazimika kurudi Uingereza. Alirudi akiwa Askofu, akapitia upande wa Kenya, na mwaka 1885 akakamatwa huko Busoga, kaskazini mwa ziwa hili hili. Alifungwa siku nane, kisha akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wapagazi wake wengi, ambao majina yao hatuyasomi kanisani ingawa nao walikufa siku ile ile. Alikuwa na umri wa miaka 38. Shajara yake ilipona. Humo hajifanyi shujaa. Anaandika homa, uchafu wa kibanda, wadudu, watu wanaokuja kumkodolea macho kama mnyama, na usiku usio na usingizi. Anaandika pia kwamba Zaburi zilimtegemeza, na siku ya mwisho anataja Zaburi ya 30, ambayo ni shukrani ya mtu aliyetolewa shimoni. Kwa macho yetu, yeye hakutolewa. Hata hivyo aliishika, na ilimshika.

Mifupa yake ilizikwa Namirembe mwaka 1892. Baada ya miaka 85 kaburi lingine lilichimbwa hapo hapo, la Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali ile haikuutoa mwili wake uzikwe huko. Ulipelekwa kuzikwa kwao, Mucwini. Basi Wakristo wa Kampala walikusanyika wakiwa na kaburi tupu. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuogopa walisimama mbele ya kaburi tupu, na wote walijua kaburi tupu linawakumbusha nini.

Wako watakaouliza: ikiwa tunamtumaini Kristo, kuna haja gani ya kuvaa maboya chomboni? Nawajibu kwa Matendo ya Mitume 27. Malaika alikuwa amemwambia Paulo kwamba hakuna mtu atakayepotea. Paulo hakuketi akafunga mikono. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, aliwaambia askari kwamba wakiondoka hao, wao hawataokoka. Aliwahimiza wote wale chakula, maana walikuwa wamekaa siku 14 bila kula sawasawa. Luka anasema walikuwa watu 276. Meli ilivunjika yote. Waliojua kuogelea waliogelea, na wengine walifika pwani juu ya mbao. Mungu alitimiza neno lake kwa mbao! Basi vaa boya, kataa kupanda kivuko kilichojaa, nenda hospitali, meza dawa zako mpaka ziishe, na uombe. Anayesema mambo haya yanapingana hajaisoma sura ile.

Kabla sijamaliza, limo neno dogo katika mstari wa 36 ambalo huwa tunaliruka. Marko anasema vilikuwapo vyombo vingine pamoja naye. Ni nani waliokuwamo? Marko haelezi. Hawakuwa na Bwana shetrini mwao. Hawakuona alipoamka, wala hawakusikia alilosema. Kwao upepo ulikoma tu, nao hawakujua kwa nini. Huenda usiku ule ule, chombo kilicho jirani na chako kinatulia kwa sababu ninyi mmemwamsha Bwana katika chenu. Ndiyo maana nawasihi wazee wa kanisa na akina mama wasiiache ile sala ya tatu katika Sala ya Jioni, ambayo kwayo twamwomba Mungu atulinde na hatari za usiku. Najua watu ni wachache jioni, na umeme hukatika. Lakini saa ile ile tunapoisoma, taa za wavuvi zinawashwa.

Sasa nawapa kazi ya nyumbani, kama ilivyo desturi yangu. Jioni moja juma hili, wakusanye walio nyumbani mwako, pamoja na mtoto na mtumishi wa nyumbani. Anayesoma vizuri asome Marko 4:35-41 kwa sauti, polepole, kisha asome Marko 14:32-42. Atakapofika pale wanafunzi wanapomwuliza Bwana kama hajali, asimame kidogo. Hapo kila mmoja aseme jambo lake analoliogopa, kwa sauti au moyoni, asilipambe. Kisha msomaji aendelee na mstari unaofuata.